Majaji wa Churkani Nyeusi

Gopuli Devi alipata habari kwamba chakula chake kimepotea siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa amesimama jikoni anakikoroga.

Aliyeleta habari hiyo alikuwa mwanamume wa Delhi aitwaye Rajnish Kalra, mwenye skafu mbili shingoni na viatu vya kupandia milima ambavyo havikuwa na hata mkwaruzo. Alifuatana na Bhawani Datt, binamu wa marehemu mumewe Gopuli. Huyu alikuwa karani wa misitu hadi alipostaafu, na tangu hapo alikuwa mwenyekiti wa kila jambo pale kijijini Simkhola ya Chini: wa maji, wa hekalu, wa mazishi, na kuanzia wiki iliyopita, wa Kamati ya Kuhifadhi Mapishi ya Wazee. Kamati hiyo ilikuwa imekutana mara tatu na kila mara ilikunywa chai na kula tambi za pakiti.

Kalra alikunja viganja kifuani kwa heshima. "Aama," akasema, kama watu wote wa milima hii ya Kumaon wanavyowaita bibi zao, "nimesafiri siku mbili kukufuata. Nakusanya vyakula vilivyopotea."

"Kipi kimepotea, mwanangu?"

"Churkani ya soya nyeusi. Imesahaulika kabisa."

Gopuli aliitazama churkani iliyokuwa inachemka mbele yake. "Imesahauliwa na nani? Jana tumeila. Juzi tumeila. Huyu mkamwana wangu ameshaanza kuninunia kwa sababu yake."

Hansi, mke wa mwanawe, alikuwa mlangoni akichambua mchele. Hakukanusha.

"Shemeji, usimkate mgeni kauli," Bhawani Datt akasema kwa ile sauti yake ya mikutanoni. "Akisema imesahaulika ana maana ya kitaalamu."

"Wewe tangu lini ukajua ya jikoni? Mkeo akikufichia kibuyu cha chumvi si utaita polisi?"

Kalra alicheka, akamwashiria kwa kidole msichana wa kamera aliyekuja naye aanze kupiga picha. Lakini mara akakunja uso. Macho yake yalikuwa yameangukia jiko la gesi, na pembeni yake sufuria ya presha.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuchemshia soya. Filimbi mbili, halafu naziingiza kwenye karai la chuma. Bila hivyo nitakesha hapa."

"Mama zetu walikuwa na presha?"

"Hawakuwa nayo. Ndiyo maana mama mkwe wangu alikuwa mkali."

Sufuria ya presha ikatolewa nje, ikafunikwa gunia. Beseni la plastiki likafuata. Kalenda ya duka la mbolea ikabanduliwa ukutani. Wakamtafutia Gopuli mafiga, kuni mbichi, na hazama ya dhahabu ya arusi ambayo hakuivaa tangu mwaka aliofiwa na mumewe. Hapo Hansi alinong'ona kwamba mjane havai hazama, na Kalra akasema hilo watalizingatia katika maelezo, ila picha inahitaji kung'aa kidogo. Gopuli aliirudisha hazama kwenye sanduku na kulifunga. Hilo peke yake alikataa. Mengine aliyavumilia, maana mgeni ni mgeni. Akakaa chini, yeye ambaye magoti yake yalikuwa hayakunjiki tangu mvua za mwaka juzi, akapuliza moto hadi machozi yakamtoka.

"Machozi hayo hayo," Kalra akamwambia msichana wa kamera. "Sogea karibu. Anamkumbuka mama yake."

Kisha yakaja maswali. Nani alikufundisha? Mama mkwe. Alikufundishaje? Alikuwa akinipiga na upawa nikikosea. Kalra aliandika kwenye daftari lake, na Hansi, aliyesoma hadi darasa la kumi na mbili, akachungulia begani kwake: *Maarifa hurithishwa kwa upendo, mkono kwa mkono.*

"Na siri yake ni nini, Aama?"

"Chumvi."

"Siri hasa."

Gopuli alifikiri. Alitaka sana kumsaidia. "Chumvi usiitie mapema," akasema.

Alipotoa bakuli la chatne, na Kalra akaambiwa kwamba imesagwa kwa mbegu za bangi zilizokaangwa, limau kubwa la milimani na pilipili, mtu mzima yule alikaribia kupiga magoti.

"Bangi! Kwa hiyo wazee wenu walikuwa wanaona maono?"

"Walikuwa wanaona kazi," akasema Gopuli. "Mbegu hazilevyi, mwanangu. Kula chapati, iko ya ulezi, itapoa."

Kalra alikula sahani mbili za churkani na kuramba vidole. Akasema mbele ya kamera kwamba ladha hii, akifungwa macho na kuzungushwa dunia nzima, ataitambua.

* * *

Lipo jambo moja ambalo Kalra hakuliuliza, na Gopuli hakulisema. Kama angeulizwa kwa nini amepika churkani bila kuchoka miaka yote hiyo, wakati majirani wameshahamia kwenye dengu za pakiti, jibu la kweli lingekuwa ni Paruli.

Paruli alikaa Simkhola ya Juu, mwendo wa kupandisha ngazi mia mbili za mawe. Waliolewa msimu mmoja na kwa muda mrefu walikuwa wakikata majani ya ng'ombe pamoja. Miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye arusi ya watu, Gopuli alipewa kazi ya kupika churkani, naye akaifanya nzito kwa mchele uliolowekwa na kusagwa, kama alivyofunzwa. Paruli aliionja mbele ya wanawake arobaini, akasema, "Mwenzangu, huu uji wa ndama mtamu sana." Kwao Paruli churkani hufanywa nzito kwa unga wa ngano uliokaangwa kwenye samli. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Gopuli alipika churkani mara tatu kwa wiki ili moshi wake upande juu, na Paruli alipika mara nne ili harufu ya yake ishuke chini. Hivyo ndivyo urithi ulivyohifadhiwa.

* * *

Mwezi wa Machi kukatangazwa tamasha mjini Almora. Bhawani Datt alileta bango lenyewe, akalitandika juani na kuliwekea mawe pembeni lisipeperuke. Katikati palikuwa na uso wa Gopuli, mkubwa kama sinia, ukitokwa machozi ya moshi. Chini yake maandishi: MAMA WA CHURKANI.

"Yaani mimi ndiye niliyezeeka hivi?" akasema Gopuli.

"Shemeji, umekuwa mtu mkubwa! Kutakuwa na mashindano. Wapishi kumi na moja. Mshindi, churkani yake itapikwa hoteli kubwa Delhi. Wewe umeshashinda, hii ni kukamilisha taratibu tu."

"Paruli naye anakwenda?"

Bhawani Datt alikohoa. "Kamati iliona ni vizuri vijiji vyote viwakilishwe."

Gopuli alianza kusugua karai siku hiyo hiyo.

Siku ya tamasha, basi lilipofika Almora, askari wa geti la ukumbi alimzuia. Hakuwa na kitambulisho cha shingoni. Hansi alimwonyesha askari bango lililokuwa juu ya kichwa chake. Askari akalitazama bango, akamtazama Gopuli, akasema yule wa kwenye bango ni mgeni rasmi na ataingilia mlango mwingine. Waliingia baada ya nusu saa, pamoja na watu waliokuwa wakiingiza viti.

Ndani hakukuwa na harufu ya chakula. Palikuwa na hotuba. Profesa mmoja aliyeandika kurasa mia nne kuhusu mapishi ya milimani alieleza kwamba churkani ni mazungumzo baina ya chuma na kumbukumbu. Yeye binafsi hakuwa ameila, kwa sababu ya tumbo. Wageni walizunguka na visahani vyenye kitu kimoja kidogo katikati, wakikitazama kwa huruma kabla ya kukimeza.

Kwa ajili ya haki, mashindano yalifanywa kwa namba. Kila mpishi alipika nyuma ya pazia, bakuli likapelekwa kwa majaji bila jina. Majaji walikuwa watatu: profesa, mwenye hoteli, na Rajnish Kalra mwenyewe. Profesa alinusa tu.

Gopuli alikuwa namba saba. Alipika kwa utulivu, karai lake likageuza mchuzi kuwa mweusi wenye ukijani kidogo, kama inavyotakiwa. Jirani yake, namba nane, alikuwa kijana mwenye kofia ndefu nyeupe, mpishi wa hoteli, aitwaye Lokesh. Kijana huyo alikuwa akimimina malai, yaani krimu ya maziwa, na juu yake tui la nazi.

"Mwanangu," Gopuli akamnong'oneza, hakuweza kujizuia, "umemwaga maziwa."

"Ndivyo inavyopikwa, Aama," Lokesh akajibu, lakini hakumtazama usoni.

Saa nane mchana Kalra alishika kipaza sauti. Mshindi: namba nane. Alisifu weupe wake, upole wake, na jinsi ilivyomrudisha kwenye jiko la mwanamke mmoja wa kijijini aliyewahi kumpikia kwa machozi. Watu wakapiga makofi. Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa kufundisha, akataka kueleza pia makosa, akaanza na namba tatu, wa mwisho kabisa.

"Namba saba," akasoma kwenye karatasi yake. "Rangi imezidi weusi, bila shaka ya dukani. Ladha ya chuma. Mpishi huyu hana mizizi. Nadhani amejifunza kwenye simu. Namba saba, tafadhali simama, usione haya, sote tunajifunza."

Gopuli akasimama. Nyuma ya Kalra lilikuwa lile bango, na uso uliokuwa kwenye bango ulisimama pia pale mstari wa pili, umejifunga shali ya kijivu.

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka na kujifanya anakohoa.

Kalra hakuwa mjinga. Alibadilika rangi mara mbili, halafu akafungua mikono. "Na ndiyo maana," akasema, "Mama wa Churkani hashindanishwi! Yeye yuko juu ya mashindano! Aama, njoo utuambie neno."

Bhawani Datt alikuwa ameshamkamata mkono shemeji yake na kumsukuma jukwaani. "Sema umeshukuru," akamnong'oneza. "Sema umeshukuru tu, ukae."

Gopuli alikipokea kipaza sauti kama mtu aliyekabidhiwa nyoka.

"Nimesikia sina mizizi," akasema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe kwa ukubwa. "Ninayo. Ni figili, iko shambani, na nisipowahi basi la saa tisa nguruwe pori wataimaliza. Asanteni kwa chai."

Akashuka. Akafunga karai lake kwa kitambaa. Alikuwa amejiambia kwamba hajali. Kumbe alikuwa anajali sana. Miaka hamsini na miwili alipika kitu hicho, na mtu aliyeramba vidole nyumbani kwake amekisema vile mbele ya watu mia tatu.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, palikuwa na jua. Na kwenye jua alikuwa amekaa Paruli, karai lake miguuni.

Hakukuwa na ngazi nyingine.

Gopuli alikaa hatua tatu juu yake. Hansi alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Mimi nilikuwa namba tatu," Paruli akasema, akiitazama barabara. "Wamesema yangu inafaa kubandikia matangazo. Nimekuwa wa mwisho kabisa. Wewe hata hapo umenipita."

"Unga huo. Nilishakwambia."

"Uliniambia lini? Hujaniambia neno miaka kumi na tisa!"

Badala ya jibu Gopuli kikamtoka kicheko, cha ghafla na kibaya, kama mtu aliyepaliwa. Paruli alimgeukia amekasirika, kisha akamwona machozi, akashindwa naye. Walicheka hadi Paruli akashika mbavu na kusema anakufa, na Gopuli akamjibu afe basi, lakini kwanza amwonjeshe huo utomvu wake.

Walifunua makarai. Hansi alikuwa na chapati za ulezi kwenye kitambaa na kopo la chatne. Gopuli alionja churkani ya Paruli, akatafuna polepole sana. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko yake, pengine, na samli ile ya kukaangia unga ilikuwa na utamu wa karanga ambao mchele hauna. Jambo hilo aliamua kwenda nalo kaburini.

"Inalika," akasema.

"Na yako inalika," akasema Paruli.

Harufu ilishuka barabarani. Madereva wawili wa teksi wakasogea wakiuliza kama inauzwa. Wakajibiwa haiuzwi, wakae. Watu wa viti wakaja, kisha mafundi wa maiki, kisha yule askari wa getini ambaye aliomba msamaha huku mdomo umemjaa chapati. Waalikwa wenye visahani nao wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakitazama nyuma. Msichana wa kamera alikula mara tatu na hakupiga picha hata moja. Profesa alipita karibu, akanusa, akaenda zake. Kufikia saa tisa makarai yalikuwa yamefutwa kwa chapati hadi yakang'aa, na basi liliwasubiri kwa sababu dereva wake alikuwa bado anakula.

* * *

Bhawani Datt aliandika barua ya malalamiko ya kurasa saba, akaipeleka kwa Kamati, akaipokea kama mwenyekiti, akaiahirisha. Kitabu cha Kalra kilitoka mvua zilipoanza. Ndani yake Gopuli alikuwa na picha ukurasa mzima, na chini yake jina la mtu mwingine.

Aliyekuja hakualikwa na mtu. Ilikuwa hata kabla ya kitabu hicho, asubuhi ya Aprili, Gopuli akitandaza maganda ya limau juani, alipomwona kijana akipandisha njia kwa shida, mkoba mgongoni, bila kofia ndefu. Hakumtambua mpaka kijana alipoinama kumgusa miguu kwa heshima.

"Ni mimi, Aama. Namba nane."

"Yule wa maziwa!"

Lokesh aliinamisha kichwa. Kwao ni Haldwani, akasema, chini bondeni, lakini babu na bibi yake wametoka milima hii hii. Mama yake hakuwahi kupika churkani. Alipokuwa mdogo shuleni, wenzake walimcheka kwa chakula cheusi, naye akaapa kwamba wanawe hawatachekwa. Mapishi aliyoshindia, Lokesh aliyatunga mwenyewe kwenye treni. "Nilipokuona umesimama pale," akasema, "nilijua nimepewa sifa ya kitu nisichowahi kukila."

Gopuli alimtazama. Angeweza kumwacha asimame hapo juani, na alifikiri kufanya hivyo. Lakini kijana alikuwa amepanda kutoka barabarani kwa miguu, na uso wake ulikuwa mwekundu.

"Umekula?" akamwuliza.

"Bado."

"Osha mikono. Leo hutakula cha mtu, utakula utakachopika."

Kisha akaenda ukingoni mwa ua, akaweka viganja mdomoni, akamwita Paruli ashuke, na asije bila unga wake.

Maskini Lokesh alikaa siku nne. Wanawake wawili walimsimamia kila mmoja upande wake, mmoja akisema tia, mwingine akisema ukitia utaona. Akiuliza chumvi kiasi gani, walimjibu pamoja: "Ya kutosha." Aliunguza soya mara tatu. Paruli alimwambia ana mikono ya mpiga muhuri, na Gopuli akamtetea, halafu alipounguza mara ya nne akamwambia yaliyo mabaya zaidi. Hansi ndiye aliyekuwa akimpimia kwa kijiko pembeni na kumwandikia. Siku ya nne alipika karai zima peke yake. Wanawake wakaonja. Kisha wakajipakulia tena.

Mwezi mmoja baadaye akapiga simu kutoka Delhi. Hansi aliiweka kwenye spika juu ya dirisha la jikoni.

"Aama, nimemwambia meneja nataka kubadilisha. Amekataa. Amesema wateja hawali kitu cheusi. Kwenye orodha bado iko ile ya malai, na jina lako liko chini yake."

"Jina langu kwenye maziwa?"

"Nimewaambia walifute. Wamesema wataitisha kikao." Nyuma yake vyombo viligongana. "Lakini saa kumi jioni, kabla hatujafungua, mimi ndiye ninayepika chakula cha wafanyakazi. Nimenunua karai la chuma sokoni. Tumekula leo siku ya sita. Muosha vyombo wetu mmoja, mtu wa Bihar, amekataa kula kitu kingine."

"Mko wangapi?"

"Arobaini."

Gopuli aliinua mikono juu. "Arobaini! Na soya uliyobeba ilikuwa kopo moja! Unawalisha nini, mwanangu, mchuzi mtupu?"

"Imekwisha jana, Aama. Leo nimenunua ya dukani. Si sawa na yenu."

"Haiwezi kuwa sawa. Kata simu, unakula hela."

Alipanda darini, magoti yakilalamika, akashusha gunia la mavuno. Hansi alishika mdomo wa mfuko, naye akamimina kwa bakuli, na kila alipofika kiasi ambacho kingetosha alikumbuka yule mtu wa Bihar akaongeza bakuli lingine. Alhamisi asubuhi waliushusha wawili hadi barabarani, wakaufunga juu ya basi la Delhi katikati ya makabichi. Kondakta akauliza ndani mna nini, aandike kwenye risiti.

"Soya," akasema Gopuli. "Na uandike isikae karibu na mafuta ya taa."